Asubuhi Bila Moto Huko Lushoto

Msafiri atokaye Tanga kwenda Moshi hufika Mombo, mji mdogo uliolala chini ya milima ya Usambara. Hapo jua ni kali, vumbi ni jingi, na abiria hujipepea kwa magazeti. Lakini ukiiacha barabara kuu na kushika njia ya kulia, mambo hubadilika upesi. Njia hupanda kwa kujipinda-pinda kama nyoka, upande mmoja mwamba, upande wa pili bonde, na mto ukinguruma huko chini. Yapata kilometa 33 tu kutoka Mombo mpaka Lushoto, lakini katika kilometa hizo mtu huondoka katika nchi ya mkonge akaingia katika nchi ya ukungu. Aliyevua koti Mombo hulitafuta tena kabla hajafika Soni.

Soni ni nusu ya njia. Hapo pana maporomoko ya maji yanayoonekana kutoka barabarani, na soko la mboga na matunda. Gari likisimama tu, akina mama na vijana hulizunguka wakiinua juu beseni na ndoo ndogo. Mwezi wa Januari, nilipopita kwa shughuli za parokia, beseni hizo zilijaa plamu nyekundu, mafyulisi yenye manyoya laini, na mapeasi ya kijani. Mgeni wa kutoka bondeni hushangaa. Matunda hayo hayakubali joto letu. Huzaa hapa kwa sababu ya baridi. Lushoto yenyewe iko kwenye mwinuko wa karibu meta 1,400 kutoka usawa wa bahari. Wajerumani walipoitawala nchi waliipenda baridi hiyo, wakajenga mji wa kupumzikia wakauita Wilhelmstal, yaani Bonde la Wilhelm, kwa jina la Kaisari wao. Jina limekwisha, baridi imebaki, na miti ya matunda ya Ulaya imekuwa mali ya Wasambaa.

Pamoja na matunda, milima hii ina maziwa. Mashamba ni madogo, yamebanana mteremkoni kama ngazi, wala hakuna mbuga ya kuchungia. Kwa hiyo watu wengi hufuga ng'ombe mmoja au wawili bandani na kuwakatia majani. Maziwa yakipatikana, jibini nayo hupatikana. Pale Irente, kilometa tano au sita kutoka mjini Lushoto, kuna shamba la Kanisa la Kilutheri ambalo kwa miaka mingi limejulikana kwa jibini laini, mkate mweusi, jemu na maji ya matunda. Wageni waendao kutazama ukingo wa Irente, mahali ambapo mlima hukatika ghafula na mtu huona nyika yote na mashamba ya Mazinde chini kabisa, hupita shambani wakala chakula hicho kibaridi chini ya miti. Upande wa Ubiri, kwenye njia ya Soni, wako Masista wa Usambara ambao hufundisha walimu wa watoto wadogo, nao pia wanajulikana kwa jemu na jibini.

Basi, msomaji, usidhani kwamba nataka kukusifia vyakula vya wageni. Nilichotaka kukuandikia ni jinsi chakula hicho kilivyoingia katika jiko la kawaida la kijijini, na kazi kiliyoifanya humo.

Nililala siku tatu katika nyumba moja ya jamaa, juu ya Soni. Mwenye nyumba ni mama wa makamo, mjane. Anaishi na mama mkwe wake aliye mzee, na watoto watatu waendao shule. Shule iko ng'ambo ya kilima cha pili. Mtoto akitembea vizuri hutumia saa nzima. Mvua za vuli zilikuwa zimekawia kuisha, kuni zote zilikuwa na unyevu, na asubuhi ukungu ulikuwa mzito hata mtu asiione miti ya jirani.

Mama akanieleza jinsi mambo yalivyokuwa zamani katika nyumba hiyo. Binti yake mkubwa, aliye darasa la sita, aliamshwa saa kumi alfajiri kuwasha moto. Kuni mbichi hazishiki. Huvuta moshi tu, na mtoto hupuliza mpaka macho yakawa mekundu. Mara nyingi uji ulichemka wakati wenzao wamekwisha kupita njiani. Hapo ni mambo mawili: ama watoto wanywe uji upesi-upesi wakiungua midomo na kufika shule wamechelewa, ama waondoke na njaa. Wadogo wawili waliondoka na njaa. Mkubwa, aliyepuliza moto, alifika darasani akasinzia. "Nilikuwa na ng'ombe bandani na matunda juu ya mti," akaniambia, "na watoto wangu walikwenda shule tumbo tupu. Hilo lilinichoma kuliko moshi."

Tena kulikuwa na taabu ya pili. Maziwa ya asubuhi yana mnunuzi. Huja mtu na pikipiki akayapeleka kwenye kituo cha kukusanyia. Maziwa ya jioni hayana mnunuzi. Yalinywewa kidogo, mengine yakaganda, mengine akapewa paka. Na plamu, wakati wa msimu, huiva zote kwa pamoja. Bei hushuka, matunda huanguka na kuoza chini ya mti, nyuki na nzi wakala wao.

Dada mmoja wa ukoo wao, aliyepata kufanya kazi mahali jibini inapotengenezwa, ndiye aliyewaonyesha njia. Nami nilikaa kitako nikatazama, nikaandika kila kitu katika daftari langu. Nakuletea kama nilivyoona.

JINSI YA KUPATA JIBINI LAINI

Siku ya kwanza jioni, maziwa yakiisha kukamuliwa, huchujwa na kuchemshwa mpaka yafoke, katika moto ule ule wa chakula cha usiku. Jambo hili si la hiari. Maziwa mabichi yaweza kuleta homa ya brusela, hata kifua kikuu cha ng'ombe, na ugandishaji hauyaui magonjwa hayo yote. Kwanza chemsha, kisha gandisha.

Yakisha kuchemka huachwa yapoe mpaka yawe vuguvugu. Ukitia kidole kilichooshwa, kidole kisione moto wala baridi. Kwa lita moja hutiwa vijiko viwili au vitatu vya mtindi mzuri wa jana, hukorogwa taratibu, chombo hufunikwa. Huko Lushoto baridi huchelewesha kuganda, kwa hiyo mama huizungushia sufuria blanketi kuukuu na kuiweka karibu na mafiga yenye majivu ya moto. Mahali penye joto hakuna haja ya blanketi.

Siku ya pili jioni maziwa yamekwisha kuganda. Hapo huchukuliwa kitambaa cheupe cha pamba, kilichofuliwa na kuchemshwa, wala kisiwe kimetumika kwa kazi nyingine. Hutandazwa juu ya bakuli, mtindi humiminwa, pembe nne za kitambaa hufungwa pamoja kama furushi, nalo hutundikwa kwenye msumari mahali palipo baridi na pasipofika panya. Chini yake huwekwa bakuli. Usiku kucha maji ya maziwa hudondoka, tone kwa tone. Asubuhi ukilifungua furushi utakuta jibini nyeupe, laini, inayopakika kama siagi. Tia chumvi kidogo sana, koroga, basi imekwisha. Lita moja ya maziwa yasiyoondolewa mafuta hutoa karibu robo kilo, au zaidi kidogo.

Kwa nini maziwa hugeuka hivyo? Vijidudu vizuri vya mtindi hula sukari ya maziwa na kufanya ukali. Ukali ule huifanya protini ya maziwa, ile sehemu ya kujenga mwili, ishikamane na kuacha maji. Kitambaa huyatenga tu. Hakuna dawa wala mashine.

Yale maji yaliyodondoka usiyamwage. Mama yule huyakandia unga wa chapati jioni inayofuata badala ya maji ya kawaida, na yakizidi huwapa nguruwe. Jibini yenyewe hukaa siku moja, au siku mbili kwa baridi ya kule. Huku bondeni na pwani, asiye na friji aile siku ile ile. Ikitoa harufu mbaya au ikiota ukungu wa rangi, itupe. Usiipalie juu tu na kumpa mtoto.

JINSI YA KUIKUNJA

Chapati hupikwa usiku, wakati moto umekwisha kuwaka kwa ajili ya chakula cha wote. Ni chapati za kusukuma, nyembamba, zisizokaushwa sana. Zikitoka kikaangoni hupangwa moja juu ya moja na kufunikwa kwa kitambaa safi zikiwa bado na mvuke. Ukiziacha wazi, asubuhi zitavunjika kama kigae.

Asubuhi mikono huoshwa, na matunda huoshwa kwa maji safi. Chapati hulazwa katika sahani. Vijiko viwili vya jibini hupakwa, lakini si mpaka ukingoni. Huachwa upana wa kidole. Matunda hukatwa membamba na kupangwa katikati kwa mstari. Plamu huondolewa kokwa, fyulisi kadhalika. Ndizi mbivu hukatwa vipande. Mwenye papai au embe atumie hayo. Mwenye karakara akamue punje zake chache juu, zitie ukali wa kupendeza. Kisha upande wa chini wa chapati hukunjwa ndani, ili tunda lisidondoke, na pande mbili hukunjwa juu yake kama anayemfunga mtoto katika khanga. Mtoto hushika mkononi akala huku anatembea.

Matunda yenye maji mengi yatiwe mwisho kabisa, wakati wa kuondoka, la sivyo chapati hulowa. Na ile jibini husaidia hapo, maana mafuta yake huizuia chapati isinywe maji upesi. Mafuta hayo yana faida nyingine tena. Papai na embe bivu zina kitu cha manjano ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, yenye kulinda macho na kukinga magonjwa. Mwili hukipokea vema zaidi kikiliwa pamoja na mafuta kidogo. Kwa hiyo embe na jibini si tamu tu zikiwa pamoja. Zinafaa kuwa pamoja. Wengine hupenda kutia asali. Hakuna ubaya, ila mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe asali hata kidogo.

Nilihesabu muda. Watoto watatu walihudumiwa kwa dakika kumi, na mafiga yalikuwa baridi. Binti mkubwa aliamka saa kumi na mbili kasoro robo. Wakati wenzao walipopita njiani wakiita, wote watatu walitoka mlangoni na chapati mkononi.

BIBI HAKUKUBALI UPESI

Bibi mzee alikuwa na maneno yake, na si ya kudharauliwa. "Chakula baridi humtia mtoto tumbo," alisema. "Sisi tulikua kwa uji." Mkwewe hakubishana naye. Alimjibu kwa adabu: "Kweli, mama. Uji tutaupika Jumamosi na Dominika, watoto wakiwapo nyumbani na kuni zikiwa kavu. Lakini kwa siku za shule, je, ni bora uji usiofika tumboni au chapati inayofika?" Bibi akanyamaza. Siku ya tatu nilimwona akimega kipande cha chapati ya mjukuu wake mdogo, akatafuna taratibu kwa meno machache aliyo nayo, akasema tu kwamba chumvi imepungua. Nikajua kwamba shauri limekwisha.

Hata hivyo neno lake juu ya tumbo lina ukweli ndani yake. Chakula kisichopita motoni asubuhi hakina moto wa kukisafisha. Kwa hiyo usafi wa mikono, wa kitambaa, wa kisu na wa maji ndio moto wake. Nyumba isiyoweza kushika usafi huo, afadhali iendelee na uji.

Wengine watasema, maziwa yauzwe tupate fedha. Ni haki ya kila nyumba kupanga mambo yake. Lakini hapa tunasema juu ya maziwa ya jioni yasiyo na mnunuzi, na matunda yaliyoanguka chini ya mti. Asiye na ng'ombe yafaa apime: lita moja ya maziwa kwa watoto watatu au wanne, mara mbili kwa juma, siku nyingine ndizi na parachichi lililopondwa na chumvi. Parachichi nalo hupakika kama jibini, na miti yake imejaa Kilimanjaro, Rungwe, Njombe na kwingineko.

MSITU NAO UNAPUMUA

Kuna jambo moja zaidi nililoliona nilipopanda upande wa Magamba. Huko juu ya Lushoto kuna msitu wa hifadhi, mkubwa, wenye giza na miti iliyovikwa majani ya ukungu. Msitu huo huyanywa mawingu na kuyatoa tena kama chemchemi, na vijito vishukavyo kwenye mashamba ya mboga hutoka katika misitu kama huo. Pembezoni mwake utawakuta akina mama na wasichana wamebeba mizigo ya kuni mgongoni na kichwani, wameinama. Kila moto wa asubuhi ni sehemu ya mzigo ule. Sisemi kwamba chapati moja itauokoa msitu. Nasema kwamba mama yule zamani alikwenda kuni mara tatu kwa juma, na sasa huenda mara mbili. Safari ile moja iliyopungua ni nusu siku yake, na nusu siku ya mama mjane si kitu kidogo.

WATOTO WAJIFUNZE WENYEWE

Mimi nilisomea ualimu kabla sijawa karani, kwa hiyo jicho langu halikuacha kutazama jinsi watoto walivyofanya. Mdogo kuliko wote ana miaka sita. Alipaka jibini kwa kisu butu, ulimi umetoka pembeni mwa mdomo kwa bidii, wala hakumwaga.

Mama Maria Montessori, ambaye jina lake hutajwa kila siku katika chuo cha wale Masista wa Ubiri, alikuwa Mwitalia aliyezaliwa mwaka 1870. Alikuwa daktari kabla hajawa mwalimu mashuhuri. Tarehe 6 Januari 1907 alifungua Nyumba ya Watoto katika mtaa wa maskini wa San Lorenzo, mjini Roma. Katika mafundisho yake, kumimina maji, kufagia, kumenya, kukata tunda na kupanga meza ni masomo halisi. Mtoto hujifunza kutulia, kupima na kumaliza alichokianza. Shule za namna hiyo hununua vifaa kwa ajili ya masomo hayo. Lakini mzazi wa kijijini anavyo vifaa vyote: kisu butu, ndizi na sahani. Kilichobaki ni uvumilivu wa kumwacha mtoto ajaribu, hata kama kazi itachelewa kidogo siku za kwanza. Na wavulana wasiachwe nyuma. Kijana anayeweza kukunja furushi la vitabu vyake aweza pia kukunja chapati ya dada yake.

Akina mama na akina baba, mkitaka kujaribu, msianze siku ya shule. Anzeni Alhamisi jioni kwa kuchemsha na kugandisha lita moja tu. Ijumaa jioni tundikeni kitambaa na kupika chapati. Jumamosi asubuhi watoto wote wakiwapo, wapeni kila mmoja chapati yake aikunje mwenyewe. Mtaona ni tunda gani wanalopenda, na chumvi imetosha au haikutosha. Juma la pili mtajua kipimo cha nyumba yenu. Na kama kuna binti anayewasha moto wakati jogoo bado wamelala, mwacheni asubuhi ile alale mpaka mwanga uingie dirishani.